Ukuta wa Mjomba Adolphe

Lodwar, 3 Machi 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, ni joto tu linalotuchosha.

Leo mwalimu wetu wa miamba ametufundisha tetemeko, nikamkumbuka mdogo wangu Olive. Anasema ufa ulio chini ya ardhi hukaa umeshikana miaka mingi, huku pande zake zikisukumwa. Siku ukianza kuteleza, mawe husagana yakawa unga, yakapata joto kali, na maji yaliyonaswa humo yakatanuka na kuzisukuma pande zote mbili. Kadiri unavyoteleza ndivyo unavyozidi kulegea. Hakuna fundi ambaye angeuzuia.

Mama, Mjomba Adolphe yuko Kalobeyei, hapo karibu. Nenda ukamwone.

Mwanao, Sonia

Kakuma, 19 Machi

Sonia wangu,

Jambo sana. Goti linauma, ila kanisani nafika.

Huo ufa mimi sikuuona. Niliona ukuta aliojenga ndugu yangu, kule Bukavu, ukimwangukia Olive wangu amelala, na wa jirani umesimama. Muulize mwalimu wako hilo.

Tena mkubwa ni mimi. Kwetu mdogo ndiye anayekuja kuomba radhi. Akija nitamtwangia majani ya muhogo, nimpikie sombe. Asipokuja, akae hukohuko.

Mama yako

Lodwar, 2 Aprili

Mama,

Hujambo? Nilimuuliza. Anasema udongo laini hutikisika zaidi kuliko mwamba, na sisi tulikaa bondeni. Lakini hakuficha: ukuta usio na chuma huanguka upesi. Mjomba ana lawama, Mama, ila si yote. Huwezi kumwita?

Mwanao, Sonia

Kakuma, 20 Julai

Sonia,

Salamu. Goti usiliulize.

Nilikaa na barua yako mpaka hasira ikachoka. Jana nikapanda boda boda hadi Kalobeyei, bakuli la sombe mapajani. Nikakuta mjomba wako walishamzika mwezi wa sita, homa ilimwua. Jirani yake, Nyawech, akaniambia, "Mama, yeye alisema iko na dada mkubwa Kakuma. Alisema hawezi kuja kama hajaitwa."

Na mimi nilikuwa namngoja.

Nyumba za mtaa ule kajenga yeye, chuma kila kona. Yake ni turubai na miti minne. Watu walimcheka, fundi mzima. Aliwajibu kwamba hataki ukuta karibu na mtu aliyelala.

Nilidhani amemsahau Olive, mwanangu. Najuta sana. Sombe tulikula na Nyawech palepale chini ya turubai.

Chuo kikifunga, njoo. Usingoje nikuite.

Mama yako