Ng'ombe Uliyemwahidi Redioni

Rubavu, tarehe 9 Juni 2025

Kaka yangu mkubwa Onésphore,

Nakusalimu kwa upendo, nikiomba barua hii ikukute unapumua vizuri, mguu umeacha kuvimba, na zile dawa za presha unazimeza kweli, si kuzipanga dirishani kama mapambo. Sisi huku ni wazima. Ziwa limetulia, sambaza, dagaa wetu wa ziwani, zinapatikana, na Belyse wetu anakusalimu sana. Mimba yake imefika miezi saba na hataki kusikia harufu ya samaki, basi kazi ya kuanika imebaki yangu peke yangu. Mimi kinachonisumbua ni magoti tu, na wewe.

Umesoma vizuri. Nimeandika: na wewe.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kaka, kwenye simu wewe ni mtu wa kusema, si mtu wa kusikia. Mara ya mwisho nilianza sentensi moja mara nne na sikufika mwisho wake. Karatasi huwezi kuikatiza. Gentil, mume wa Belyse, anapeleka lori Dar es Salaam na atapita hapo Morogoro. Nimemwambia akupe mkononi, kisha akae mbele yako mpaka umalize kusoma. Mpe chai, ana safari ndefu.

Bon, nianze na ng'ombe.

Siku ile redio ya huku ilipokuhoji kuhusu tamasha wanalokuandalia mwezi wa nane, soko zima lilinyamaza. Wanawake waliacha kupima samaki. Ulieleza vizuri habari za Orchestre Sambaza, jinsi mlivyopiga Goma mpaka watu wanavunja viti, na mimi nilijisikia fahari, sitakuficha. Kisha ukaanza habari ya gitaa. Ukasema ni la umeme, la nyuzi kumi na mbili, jekundu kama mawese, lilitoka Ulaya mwaka wa sitini na saba na mwenzake hayupo kutoka Bukavu mpaka Kigali. Ukaahidi ng'ombe mwenye mimba kwa atakayelirudisha. Na watu walipe taarifa wapi? Ukataja namba ya simu. Yangu! Hukuniuliza, hukunidokeza, uliisoma polepole na ukairudia mara mbili ili walio mbali waandike.

Kaka, tangu siku hiyo sijala chakula changu kikiwa cha moto. Mtu wa Cyanzarwe alinitoa usingizini alfajiri, anaita mlangoni kama kuna msiba, kumbe amekuja na gitaa la kawaida, amelipigilia misumari sita na kulifunga waya za breki za baiskeli zifike kumi na mbili. Waya ya breki, Yesu wangu. Nilipomwambia hili si lenyewe, aliniuliza kama ng'ombe hawezi kupungua akawa mbuzi. Mama mmoja wa Kanama ameleta inanga, kinubi cha kienyeji cha marehemu babu yake, ananiapia kwamba nayo ilikuwa na umeme zamani. Mwingine amevuka mpaka pale Petite Barrière kutoka Goma na shingo ya gitaa peke yake, eti kiwiliwili kitafuata akishamwona ng'ombe. Na huyo ng'ombe, samahani kukuuliza, yuko wapi? Unaishi Morogoro kwenye vyumba viwili vya kupanga. Hata kuku huna.

Hayo ni ya kuchekesha, na ningeyavumilia. Lisilochekesha ni jina ulilotaja mwishoni. Ulisema gitaa lako lililiwa na mwizi uliyemwita rafiki, Nzabonimpa, na ukaongeza kwamba anaishi Mahoko ili asije mtu akamkosea.

Je, unajua Nzabonimpa anafanya kazi gani siku hizi? Anatengeneza redio. Ana kibanda karibu na soko la Mahoko, na ana miaka sabini na miwili kama wewe. Mke wake Mukandori amenieleza yote. Siku ile alikuwa amemaliza kuunga waya kwenye redio ya muuza viazi mmoja, na wateja wengine wamesimama wanangoja. Akaiwasha kuijaribu. Redio haikuwa imetoa sauti kwa mwezi mzima, na neno la kwanza ililotoa lilikuwa jina lake, kwa sauti yako. Aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga kifuniko, akakaza skrubu zote nne, akamkabidhi mama wa watu redio yake na hakupokea malipo.

Kesho yake walianza kuja kuchukua vitu vyao, hata vilivyokuwa bado vimefunguliwa. Mtu mmoja alisema mbele yake kwamba aliyekula gitaa la rafiki hatashindwa na redio ya jirani. Sasa kibanda kimefungwa. Mukandori anasema mzee hatoki nyumbani, na misa ya Jumapili hakwenda. Nzabonimpa, mtu ambaye hakukosa misa hata wakati wa vita! Nilipanda mpaka Mahoko kumwona, nikamkuta amekaa kitandani na kofia kichwani kama mtu anayesubiri gari. Nilirudi nikiwa na hasira juu yako, na njiani hasira hiyo ikaanza kunigeukia mwenyewe. Ndiyo maana naandika.

Turudi nyuma kidogo, uvumilie. Mwaka wa themanini na tisa uliondoka Goma kwenda Tanzania kupiga muziki hotelini. Vyombo vilikuwa vya hoteli, basi gitaa ukamwachia Nzabonimpa, ukamwambia utarudi baada ya miezi mitatu. Kaka, miezi yako mitatu ilifika miaka kumi na tatu. Vita vilipita, Zaire ikabadilishwa jina, Mama akafa, na wewe bado uko kwenye miezi mitatu. Nzabonimpa hakuligusa ila kulifuta vumbi. Mwishoni mwa mwaka elfu mbili na moja bati lake lilianza kuvuja, akaniletea nimtunzie mpaka atakapoezeka upya. Jambo hilo hukulijua. Gitaa lako lilikuwa kwangu, chini ya kitanda changu, Goma.

Januari ile mlima wa volkano ulipopasuka, uliona kwenye televisheni tu. Sisi tulitoka na tulichoweza kushika. Moto ulikuwa umeshafika mtaa wa juu na watu walikuwa wanapita mlangoni wakikimbia. Nilikuwa na mikono miwili na mgongo mmoja. Mkono mmoja nilishika sufuria na unga, wa pili nilimshika mwanangu Egide. Mgongoni, Kaka, nilifunga gitaa lako. Nililifunga na kitenge kama mtoto, kwa sababu nilijiambia kaka yangu hana kitu kingine duniani na mimi ndiye nitakayelaumiwa likiungua. Belyse alikuwa na miaka minne. Nilimwambia ashike upindo wa kitenge na asiuachie.

Nimeandika mstari huo na nikaweka kalamu chini, nikaenda kugeuza samaki juani, kisha nikarudi.

Watu njiani walikuwa wananipisha, wakidhani nimebeba mtoto. Tulipovuka mpaka na kufika huku Gisenyi niligeuka, na upindo wa kitenge ulikuwa unaning'inia mtupu. Nilirudi nyuma, wakanizuia, umati unasukuma upande mmoja tu. Nilipiga magoti pale pale barabarani na nikaweka nadhiri kwa sauti. Nilisema: "Mungu, chukua hiki kilicho mgongoni mwangu, unirudishie yule aliyepaswa kuwa hapa." Sikukumbuka kwamba si changu. Nakuapia, wakati ule hata jina lako nilikuwa nimelisahau.

Nzabonimpa alinikuta kesho yake. Hakuuliza gitaa, aliuliza watoto. Nilipomweleza, alianza kutembea. Alikwenda shuleni, makanisani, kambini, siku tatu, anauliza. Kule kambi ya Nkamira alisikia watu wanacheka. Kulikuwa na mtoto wa kike anayechambua maharage na bibi mmoja, na kila akiulizwa mama yake yuko wapi anajibu, "Mama anabeba gitaa." Watu walidhani moshi umempanda kichwani. Nzabonimpa peke yake ndiye aliyejua mtoto huyo anasema kweli. Alimleta Gisenyi mabegani, kwa miguu.

Nadhiri ni nadhiri, Kaka. Jumapili iliyofuata nilipeleka gitaa kanisani kwetu, nikalitoa madhabahuni. Nzabonimpa alinisindikiza mpaka mlangoni, yeye Mkatoliki hakuingia. Nilipotoka nilikuwa nalia, namuuliza nitakuambia nini wewe. Akanijibu hivi, na maneno yake sijayasahau: "Ile kitu iko ya Mungu sasa. We nyamaza. Onésphore akiuliza, mi nitamwambia ilipotea mu mikono yangu, juu mimi ndiye aliniachia."

Ulipoandika kuliulizia mwaka uliofuata, ndivyo alivyokujibu. Angeweza kusema mlima umelimeza. Mwaka ule mlima ulimeza kila kitu ambacho watu hawakutaka kurudisha, mpaka sufuria za majirani. Lakini yeye alibeba lawama tu, na ulijua nyumba yake haikuungua, basi ukaamua ameliuza. Na mimi nilinyamaza. Ulimtukana kwa barua, nikanyamaza. Ulikataa mkono wake kwenye matanga ya Baba, nikanyamaza. Miaka ishirini na tatu nimekula na kulala juu ya jina la mtu aliyeniletea mtoto mabegani. Unaona sasa kwamba wakati nakugombeza wewe, najigombeza na mimi.

Na bado hujasikia la mwisho. Mwaka jana ulikuja kwenye harusi ya Belyse. Ulikataa kukaa meza moja na Nzabonimpa, ukataka atolewe, na mzee akasogea mwenyewe nyuma. Unaikumbuka kwaya iliyoimba kanisani? Unalikumbuka lile gitaa la bluu, la nyuzi sita, lililobanduka rangi pembeni? Vijana walikuja kwa heshima kukuomba mgeni mkubwa uwapigie wimbo mmoja. Hata kusimama hukusimama. Ulilitazama kutoka kwenye kiti na ukasema, nilikuwa karibu nikasikia, "Hicho kitupeni, kinalia kama mbuzi. Mimi sipigi vitu vya kuchezea watoto."

Ndilo hilo, Kaka. Walilipaka bluu lifanane na sare za kwaya. Walitoa nyuzi sita kwa sababu hakuna aliyeweza kuzipatanisha kumi na mbili. Ungesimama tu ukalishika, mkono wako ungelitambua kabla ya macho. Nilimwaga soda, nikiomba usimame na nikiomba usisimame.

Na unajua ni nani analitunza? Miaka yote hii, kila Jumamosi mchana, Nzabonimpa anashuka kutoka Mahoko, Mkatoliki wa watu, anaingia kanisani kwetu, analipanga sauti, anafuta vumbi, anaunga waya zilizokatika, anarudi kwake. Hajawahi kulipiga wimbo hata mmoja. Nilimuuliza kwa nini, akasema hakuachiwa kulipiga, aliachiwa kulitunza. Tangu uliposema redioni hajashuka, na jana Jumapili kweli lililia kama mbuzi.

Donc, nimeamua. Nimekwisha kumwona mchungaji na kumweleza kwamba miaka ile nilitoa sadaka kitu kisicho changu. Alipekua Biblia yake kwanza. Mwishowe akasema kilichotolewa madhabahuni hakirudi nyumbani kwa mtu, lakini hajaona andiko linalokataza mwenyewe kuja kukipiga. Kesho asubuhi nakwenda redioni, ile ile. Nitasema yote kwa jina langu, mbele ya soko lote linalonijua, na watanisema, acha waniseme. Gentil akifika kwako, Rubavu nzima itakuwa imeshajua. Sikutaka uyasikie kwa watu, ndiyo sababu nimeandika leo.

Nilikwenda Mahoko kumwambia Nzabonimpa nia yangu. Alikataa, tukabishana mpaka Mukandori akatuletea uji ili tunyamaze. Alipoona sibadiliki, aliinama chini ya kitanda akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani zimo zile nyuzi sita zilizotolewa, amezikunja moja moja, zote kutu. Akasema hizi haziwezi tena, huku za namna hiyo hazipatikani. Nikamuuliza unataka nimwambie kaka yangu akulipe nini kwa jina lako. Alifikiri, akavua ile kofia, akasema: "Mwambie akuje na nyuzi sita mpya. Mi nitaifunga, yeye apige."

Basi, Kaka, usije mwezi wa nane. Njoo sasa. Huna ng'ombe na hakuna anayemtaka. Uingie kwanza Mahoko, ukae kwenye kile kibanda mchana kweupe, watu wakuone, ndipo mshuke wote wawili huku kwangu. Nitakaanga sambaza, na ukitaka kunipiga makofi utanipiga baada ya kula.

Belyse na Egide wanakusalimu. Belyse nimemweleza jana. Aliniuliza kama gitaa lilikuwa zito. Wasalimie wote hapo Morogoro, umeze dawa, na Gentil asiondoke bila kula.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na aliyechoka kukuogopa,

Kabatesi

Nyuzi ziwe sita, usisahau, na zisiwe za breki.