Fizi za Kathambi Kabla ya Mahari

Jumanne, 2 Agosti 2016

Siku kumi na nane zimebaki. Mahari ya Kathambi, binti yangu! Mchumba wake, Njoka, na watu wake wanatoka Embu na magari matano. Celina alidhani naongeza chumvi mpaka nikamwonyesha meseji. Tunauza ndizi pamoja pale soko la Gakoromone, na binti zake watatu hakuna hata mmoja aliyemaliza koleji. Sisemi kwa ubaya. Mimi niliachia darasa la saba na nimetoa mwalimu. Tena mwalimu mwenye meno! Njoka mwenyewe alisema kitu cha kwanza kuona ni lile tabasamu.

Leo asubuhi Kathambi amepiga mswaki, povu lote jekundu. Nimemwambia anasugua kama anaosha sufuria. Asukutue na maji ya chumvi.

Ijumaa, 5 Agosti

Fizi zimevimba, rangi ya maini. Jino moja la chini linacheza. Miaka ishirini na tano, jino linacheza!

Nimempeleka kwa daktari wa meno hapa mjini, msichana mdogo tu. Amemsafisha vizuri, halafu akaanza maswali yasiyohusu meno. Anakunywa maji mengi? Anaamka kukojoa? Amepungua? Kathambi akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mimi nikiwa pale nimekaa.

Daktari akanigeukia: "Mama, fizi haziko peke yake mwilini. Sukari ikipanda kwa damu zinaharibika, na zikiharibika nazo zinaipandisha zaidi. Apimwe leo, kabla hamjaenda nyumbani."

Akaandika karatasi ya maabara. Sukari! Huo ni ugonjwa wa wazee wenye vitambi. Kwetu hakuna. Na pale kwa dirisha la maabara nani amekaa? Beth, binamu yake Njoka, kumbe anafanya kazi hapo. Angejua saa sita, na Embu nzima ingejua kabla ya chai ya jioni. Nani analeta mahari kwa msichana mgonjwa?

Nikamshika Kathambi mkono. Tutarudi mahari ikiisha. Alisimama kidogo pale mlangoni, akiangalia foleni. Halafu akasema sawa, mum. Hajawahi kunibishia, huyu mtoto.

Alhamisi, 11 Agosti

Fundi amepunguza gauni mara ya pili. Celina akasema msichana amekonda. Nikamwambia huo ndio mtindo, binti zako wananunua mikanda ya kubana tumbo. Akacheka mpaka akaegemea magunia. Nikacheka pia.

Lakini nyumbani anamaliza jagi la maji kabla sijageuka. Analijaza tena. Nampa glukosi asubuhi na jioni, vijiko vitatu, apate nguvu.

Jumapili, 14 Agosti

Kanisani amekaa karibu nami. Kila akiimba, pumzi yake inanukia tamu — kama ndizi zilizopita kuiva. Harufu hiyo siwezi kuikosea. Nimemuuliza amekula nini. Hajala tangu jana, fizi zinamuuma.

Nyumbani nimetoa ile karatasi kwa kibeti nikaisoma tena. Imeandikwa "HARAKA", na mstari chini ya hilo neno.

Siku sita tu. Mungu atushikie siku sita.

Ijumaa, 19 Agosti

Ametapika mara mbili. Shangazi yake, Rwamba, anasema ni wasiwasi wa bibi arusi, hata yeye alitapika. Nimekubali haraka sana. Mbuzi wameshachinjwa. Glukosi imeisha, nimetuma mtu alete ingine.

Jumamosi, 20 Agosti

Naandika nyuma ya programu ya sherehe. Hospitali.

Walikuja na magari sita, siyo matano. Tukawapanga wasichana wanne, wamefunikwa leso mpaka miguu, Njoka amtafute wake. Wanawake wa Embu wanaimba, wetu wanawajibu kwa matusi matamu. Wakamtania, akikosea atalipa mbuzi. Hakukosea. Alienda moja kwa moja kwa wa tatu. Akaniambia baadaye alimjua kwa kupumua — leso ilikuwa inapanda na kushuka, mbio, kama ya mtu aliyepanda mlima.

Akafunua. Kathambi hakuinua kichwa. Macho wazi, lakini haoni. Akaanguka kwa mikono yake.

Gari lao ndilo lililomleta. Sasa ana dripu mikono yote miwili. Sukari ilikataa kusomeka kwa mashine, imepita namba zake. Njoka amekaa sakafuni na suti yake mpya. Hajaniuliza kitu. Ameniletea chai.

Daktari ametoka mara moja. Anataka kujua kama kulikuwa na dalili yoyote, na zimeanza lini, kwa sababu kuna dawa ya kuchagua na anahitaji kujua mwili umevumilia muda gani. Njoka akasema, "Ni leo tu, daktari. Hata jana tuliongea kwa simu akacheka." Halafu akaniangalia nimsaidie. "Si ndiyo, mum?"

Ni mara ya kwanza ameniita mum.

Nimesema ndiyo.

Daktari ameandika. Anatembea kwenye korido, anaelekea ule mlango wa mwisho. Hajafika. Nikipaza sauti atasikia, na Njoka naye atajua. Naweka kalamu chini.