Ushindi Ule Siuamini

Mtaa wa Cedar, nyumba namba 412,
Wilmott, Nebraska.
Jumatano, 4 Septemba 2019.

Mpendwa mdogo wangu Delmar,

Pokea salamu za dada yako kutoka huku mahindi yalikoanza kukauka. Hujambo? Natumaini baridi ya Alaska haijaanza kukutafuna, na kwamba huko kwenye visima vyenu vya mafuta mnapikiwa chakula cha maana. Mimi mzima, ila goti. Vernon naye mzima, shinikizo la damu limetulia, ingawa Jumamosi furaha ilitaka kulipandisha. Nimekupigia simu tangu siku hiyo, hupokei. Haya. Simu unaweza kuiacha iite mpaka ichoke, lakini barua utaifungua tu, nakujua.

Najua unangoja habari za mechi ya kwanza ya futiboli yetu ya Kimarekani. Tulishinda arobaini na moja kwa sita. Mji mzima umelewa ushindi, na mume wangu Vernon amelala na kofia yake nyekundu kichwani kama mtoto. Duane Pospisil, jirani yetu, ambaye siku za mechi huchoma soseji nyuma ya pikapu yake nje ya uwanja tangu asubuhi, anasema mwaka huu kombe ni la Chuo cha Wilmott. Mimi nilimwambia kwamba kwa timu ile hata mimi na goti langu ningefunga. Akanijibu kwamba siku Yesu akirudi, mimi nitamwomba kitambulisho.

Acha acheke. Wewe unajua mchezo, kwa hiyo nikuulize: walioletwa ni nani? Ni kile chuo kidogo cha Dakota Kusini, wamealikwa waje wapigwe, kama tunavyofanya kila mwaka ili msimu uanze kwa shangwe. Vijana wembamba, nusu yao mwaka jana walikuwa shule za sekondari. Na bado walikuwa wanapenya ukuta wetu wa mbele wapendavyo. Mara ngapi mwanao Garrett, mrushaji wetu, alirusha mpira huku mtu amemning'inia kiunoni! Watu walipiga makofi kwa sababu mpira ulifika. Mimi nilikuwa namwangalia aliyeurusha.

Katika robo ya pili wakamwangusha. Alianguka chali, helmeti ikagonga ardhi, nikaisikia kule juu nilikokaa, ingawa bendi ilikuwa inapiga. Akainuliwa, akaingizwa kwenye lile hema la buluu la madaktari pembeni ya uwanja. Baada ya mapumziko nikamwona huyo anarudi mbio, uwanja mzima umesimama, Vernon ananipigapiga mgongo. Kocha Brandt akampa mkono. Machale yakanicheza, Delmar.

Maana aliporudi, mpira ulipoanzishwa mara ya kwanza tu, alisimama kuupokea nyuma ya mtu asiye wake. Kaleb, lile jitu linalompa mpira, alimshika bega akamgeuza kama unavyomgeuza mtu aliyekosea mlango. Kuanzia hapo hakurusha mbali hata mara moja. Pasi fupi fupi, na kila mara kabla ya kuanza Kaleb anageuka kumnong'oneza. Tukafunga tena na tena, na anayefunga haulizwi maswali. Nikawaza kwamba kocha anajua, na daktari anajua, ila wameamua kufunika kombe mwanaharamu apite.

Jioni Garrett alirudi nyumbani, akala kidogo, akamwuliza Vernon tulishinda kwa ngapi. Vernon akacheka sana, akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Dakika chache baadaye akamwuliza tena.

Jumapili baada ya kanisa nilimwalika Kaleb aje ale nyama ya nguruwe na zile keki za plamu alizokuwa akioka mama. Nilimngoja ashibe. Mtu aliyeshiba hana uongo mrefu. Nikamwuliza Garrett alipitaje kipimo cha hemani. Alitazama sahani yake, akazungukazunguka kwa maneno, mwishowe akasema.

"Wote tunafanya, shangazi. Julai unajikosesha."

Nikamwambia anieleze kwa lugha ya watu. Kumbe kila Julai wanakalishwa mbele ya kompyuta, wanaonyeshwa maneno na picha za kukumbuka, wanapimwa wepesi wa kubonyeza. Ukigongwa kichwa katikati ya msimu, unapimwa tena, na ukilingana na Julai unarudi uwanjani. Basi wao Julai wanaingia bila kulala, wanakosea kwa makusudi, wanabonyeza polepole kama wazee. Hivyo siku ubongo ukitikisika kweli, hakuna anayeona tofauti. Mtoto anayepata alama za juu kabisa darasani kwenye kemia, Julai alishindwa kukumbuka maneno matano! Na hakuna hata mtu mzima mmoja aliyejiuliza kwa nini.

Jana nikaenda kwa Daktari Haverkamp, wa timu. Sikuwa na miadi. Mwanzoni alinieleza kwa upole kwamba kijana alipimwa na akaonekana sawa. Nikamwambia kipimo cha Jumamosi akiache, atazame cha Julai, kisha anitazame mimi usoni aniambie huyo ni Garrett. Alikitazama peke yake, hakunionyesha, na sikuhitaji. Kisha akanishukuru, akampigia kocha simu mimi nikiwa bado nimesimama pale. Nilikuwa nimemshuku bure, mtu wa watu. Kocha sina hakika naye bado.

Kwa hiyo Jumamosi hii Garrett hachezi. Hachezi mpaka aonwe na bingwa wa ubongo kule Omaha, na timu nzima inapimwa upya kwa kusimamiwa. Mji umeshajua ni nani aliyekwenda kusema. Duane jana alipita na mbwa wake hakunisalimu. Hilo nitalimeza. Linaloniuma ni kwamba mwanao, niliyemlea hapa tangu wewe na mama yake mlipoachana, amefungasha nguo zake akahamia kwa Kaleb.

Alipokuwa anatoka nilimwuliza ni nani aliyemfundisha ujinga huo. Nilidhani atanitajia mchezaji fulani wa mwaka wa mwisho.

"Muulize baba," akasema. "Alifanya hivyo hivyo alipokuwa anacheza, na mbona hakupata kitu?"

Delmar, mimi niliwashuku wageni, nikamshuku kocha, nikamshuku daktari, hata bendi. Kikulacho ki nguoni mwako. Sasa nimeelewa kwa nini simu yangu inaita tu.

Hukupata kitu? Mwezi wa sita ulinipigia, ukaniomba namba mpya ya mama, ukisema ile ya zamani haipatikani na unataka kumjulia hali ya mguu. Mama tulimzika mwaka juzi, Delmar. Wewe ulishika jeneza upande wa mbele. Nilikwambia nitaitafuta namba, nikakata simu, nikakaa jikoni nikalia.

Mwanao hataki kunisikia, ila wewe anakuamini kupita kiasi. Mpigie. Usimwambie kwamba shangazi yake yuko sahihi, wala usimtajie timu. Mwambie tu ulikuwa unamtafuta mama kwenye simu. Kisha omba likizo uje, twende Omaha wote watatu, na wewe ukatazamwe. Gari Vernon ameshalikagua.

Vernon anakusalimu sana, na dada yetu mkubwa Rosalie wa Lincoln pia, naye hajui lolote kati ya haya. Msalimie yule rafiki yako Hollis mnayekaa naye chumba kimoja, na kama ni mtu mwema, mpe barua hii aisome, ili akukumbushe kupiga simu.

Mungu akulinde huko gizani, akuhifadhie kila kilichomo kichwani mwako.

Nikupendaye hata ukinikasirikia,
dada yako,
Arlys.