Sura ya Jirani Mwema

Jumamosi, Januari 2008

Dada yangu Mwende amefika Machakos leo mchana kutoka Bonde la Ufa, na watoto wawili na blanketi moja. Nyumba yao imechomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi. Mumewe hajulikani aliko.

Nikamuuliza kama jirani hakuwasaidia.

"Yeye ndiye aliyewaonyesha wachomaji mlango wetu."

Nikamweleza kwamba katika riwaya ninayoiandika jirani anawaficha ghalani wageni wanaosakwa. Nikaichukua sura hiyo niichane. Akanishika mkono.

"Wacha, Mutua. Hiyo ya kitabu iache hivyo. Watoto wangu wasome kwamba mtu anaweza kufanya hivyo."

Nimeiacha. Ila tangu hapo sijaweza kuandika hata neno moja chini yake.