Chusa Mara Tatu

Qikiqtarjuaq, Mei

Mwanangu Ningiuq,

Pokea salamu za mama yako. Mimi mzima, ila goti. Dukani nimewaeleza wote kuwa binti yangu anasomea mikondo ya bahari, mpaka muuzaji akaniuliza, "Bibi Qaunaq, leo unanunua chai au unatusomea shahada?" Wivu tu.

Habari za kaka yako Ulaajuk walikupigia simu wengine. Hili hawalijui.

Barua yako ya Machi ilifika. Uliandika kwamba upepo umegeuka, unasukuma maji ya joto chini ya barafu yetu, na Ulaajuk asivuke ghuba. Nilimsomea akifunga mizigo, majirani wapo. Akacheka: "Dada anaijua barafu ya kwenye karatasi!" Nami nikadakia, "Nenda, baba! Mwanangu akiipiga barafu kwa chusa chake cha kuwindia mara tatu, yenyewe humwambia ukweli." Watu wakashangilia.

Aliipiga mara tatu, mwenzake wa safari alishuhudia. Chusa hakikupenya, ishara kwamba barafu inabeba. Hatua kumi mbele, mkondo ulikuwa umeshaila barafu kwa chini. Tulipata glavu moja, ile niliyomshonea mimi.

Hukukosea, mwanangu. Mimi ndiye niliyempa kiburi.

Huyo aliye tumboni mwako mpe jina la Ulaajuk, hata akiwa wa kike. Nitamwita mwanangu, nawe utamwita kaka, kama ilivyo desturi yetu kwa anayerithi jina la marehemu. Na siku utakapomwambia asivuke, mimi nitanyamaza.

Mama yako anayejivuna kwa ajili yako,
Qaunaq