Chakula cha Baba Mkwe

Jumapili, 1 Juni 1975

Baba mkwe alifika jana kutoka Tukuyu, na leo nyumba nzima inanyata, hata wanangu Lugano na mdogo wake. Kidonda kwenye kidole cha mguu wa kushoto, miezi miwili hakiponi. Hospitali wamepima mkojo: sukari. Daktari kampa vidonge na karatasi ya chakula. Anyitike, mume wangu, aliisoma mara moja akaitia mfukoni kama tiketi iliyokwisha kukatwa. Nimeitoa mimi wakati wa kufua suruali.

Mzee mwenyewe sijamwona. Sitamwona. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtu hamtazami baba wa mumewe, hamsalimii, hapiti alipo. Mzee huyu ana miaka ishirini kanisani, Biblia haimtoki mkononi, lakini hili hakuliacha. Kapewa chumba cha uani. Akitaka kwenda chooni, wifi yangu Tusekile, aliyekuja naye kumhudumia, hugonga debe. Ngo ngo ngo! — nami nakimbilia ndani kama kuku aliyeona mwewe. Mimi, mpiga chapa wa mkoa, maneno hamsini kwa dakika.

Karatasi inasema: ugali wa dona, kiasi cha ngumi. Maharage, dagaa au yai. Mboga za majani kwa wingi. Asile wali, ndizi wala sukari. Mafuta kijiko kimoja. Rahisi kabisa. Mtu yeyote mwenye akili na saa ya ukutani anaweza. Kwa hiyo katika nyumba hii ni mimi tu.

Anyitike amerudi kazini kwake, kambi ya reli Makambako. Ameniachia neno moja: "Utajua la kufanya." Hilo ndilo neno lake siku zote.

Jumanne, 3 Juni

Sanduku langu la kuivisha chakula bila moto limekamilika. Mwalimu wetu wa sayansikimu kule Iringa alitufundisha, wenzangu wakacheka. Sasa wacheke tena. Sanduku la mbao la majani ya chai, nimejaza nyasi kavu, katikati shimo la sufuria, juu mto wa blanketi kuukuu. Maharage yanalowekwa usiku. Saa kumi na moja na nusu alfajiri yanachemka dakika ishirini, sufuria inaingia sandukuni, nafunika, naenda kazini. Saa saba mchana yameiva yenyewe. Hayaungui, hayahitaji mkaa, hayahitaji mtu. Mboga nimezikata tayari, zinataka dakika tano tu. Hata Tusekile anaweza.

Tusekile kaja kuchungulia, mikono kiunoni. "Wifi, umezika sufuria?"

Nikamweleza joto halitoki. Akasema kwao hawali kitu kilichotoka kwenye jeneza. Kwao! Kana kwamba mimi nimeolewa kwingine.

Nimempa amri mbili tu. Ya kwanza, apakue kama nilivyopima. Ya pili, sahani ya mzee isioshwe mpaka niione. Sitaki kuambiwa, nataka kuona.

Ijumaa, 6 Juni

Sahani imerudi tupu siku tatu mfululizo. Si tupu tu — imefutwa! Hata alama ya mchuzi haionekani. Mzee anaelewa chakula kuliko watoto wake wote.

Kliniki Tusekile alimpeleka. Rangi: nyekundu. Wanachemsha mkojo na dawa ya bluu. Ukibaki bluu ni salama, ukienda kijani, njano, chungwa, mpaka tofali, ndivyo sukari ilivyo nyingi. Tusekile kasema "tofali" kwa furaha, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Nimemjibu siku tatu ni chache.

Jumatano, 11 Juni

Leo tulipewa ruhusa akina mama wa ofisini kwenda ukumbini kusikiliza bibi mmoja wa chakula bora. Saa nne asubuhi! Wenye kazi wangefika vipi bila ruhusa? Waliojaa ni wake wa wakubwa, wenye wapishi.

Ametundika picha: jibini, zabibu, maziwa ya kopo. Kasema mama mwenye shughuli nyingi apike "mlo kamili wenye rangi tatu." Mama mmoja wa Uyole kauliza zabibu zinapatikana soko gani hapa Mbeya. Bibi akatabasamu, akasema huo ni mfano tu. Tukapiga makofi. Nilitaka kusimama nieleze habari ya sanduku langu, halafu nikaona kofia zao nikaacha. Lulu kwa nguruwe.

Sahani: tupu.

Ijumaa, 13 Juni

Tofali. Tofali tena! Siku kumi za maharage na majani ya figiri, ugali ngumi moja, na bado tofali. Daktari kamwambia Tusekile, na Tusekile kaniambia mimi huku akichokonoa meno: mzee arudi tarehe 27. Kama sukari haijashuka na kidonda kinapanda, watakata.

Nimemuuliza watakata nini, kidole au zaidi. Akasema, "Sikuuliza. Mimi si daktari."

Si daktari. Si mpishi. Si chochote.

Nimepitia hesabu ya vyakula tangu mwanzo. Sioni kosa langu. Labda vidonge vibovu.

Jumatatu, 16 Juni

Jambo dogo. Mkaa. Gunia nilinunua tarehe 31 Mei. Kwa sanduku langu lingetosha mpaka katikati ya Julai. Leo nimelitikisa: limebaki robo. Nimemuuliza Tusekile. Kasema baridi ya Juni, maji ya kuoga ya baba. Mzee anaoga mara ngapi? Ni samaki?

Jumatano, 18 Juni

Umeme ulikatika ofisini saa tano, mashine moja ikaharibika, tukaambiwa twende. Nimefika nyumbani saa sita na nusu. Jiko linawaka. Sufuria ya wali. Sufuria ya ndizi na nyama yenye mafuta, mafuta yanaelea juu yaking'aa kama taa. Chai kwenye birika. Bakuli langu la sukari, ambayo dukani tunaipangia foleni, liko wazi na kijiko ndani.

Nikauliza hiki cha nani.

Wala hakushtuka. "Cha baba."

"Na cha kwangu je?"

"Anakula hicho kwanza. Halafu anakula hiki."

Nilikaa kwenye kigoda. Akaendelea, kama ananifundisha mimi. Kasema baba yake si mbuzi wa kulishwa majani. Kasema mzee akirudi Tukuyu amekonda, watu watasema mwanawe ana kazi ya reli, mkwewe ana kazi ya ofisi, na baba ameshindishwa njaa kama mtu wa jela.

"Sasa kwa nini asiache kile changu, kama hakitaki?"

Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Aache chakula cha mkwe? Punje moja ikibaki si utadhani amekudharau? Anamaliza chote wifi, hata akiwa ameshiba. Juzi alitaka kutapika."

Kwa hiyo siku kumi na tano mzee amekula milo miwili kila mchana. Cha kwangu kwa heshima ya mkwe, cha binti yake kwa kumhurumia binti. Na mimi jioni naandika: tupu. Imefutwa. Anaelewa chakula!

Mjinga wa kwanza Tusekile. Wa pili sitaki kumwandika.

Alhamisi, 19 Juni

Nimesema yote niliyotaka kusema, na mengine sikutaka. Tusekile alifunga mzigo saa mbili asubuhi. Kasema nimemwita mwuaji wa baba yake. Sikutumia neno hilo, nilisema "unamuua," ni tofauti. Amepanda basi la Tukuyu. Mzee kabaki, mguu haumruhusu. Nikachelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Sasa nani atapeleka sahani?

Ijumaa, 20 Juni

Nimeomba ruhusa ya nusu saa kila saa saba, nije mbio nirudi mbio. Jana niliweka sahani kwenye kizingiti cha chumba cha uani, nikagonga debe mwenyewe, nikakimbia. Niliporudi jioni ilikuwa tupu, na mzee bado alikuwa anangoja sahani ya pili — nilijua kwa sababu alikuwa amenawa, kata na beseni viko mlangoni.

Leo sikuweza kuacha hivyo. Nikasimama nyuma ya chumba, upande usio na dirisha, nikasema na ukuta. Bibi yangu alifanya hivyo alipolazimika.

"Ewe ukuta, mwambie baba chakula ni sahani moja. Hakuna nyingine inayokuja."

Kikohozi. Halafu sauti — sauti nyembamba, nilidhani ingekuwa nene:

"Ukuta, mwambie mama Lugano nimesikia. Nilidhani mjini ndivyo wanavyokula, mara mbili mbili."

"Ukuta, muulize baba kwa nini hakusema ameshiba."

"Ukuta, mwambie: ningemwambia nani?"

Nikarudi kazini nikapiga barua tatu zenye makosa.

Jumamosi, 21 Juni

Anyitike hakuja. Ametuma mtu: kuna treni ya majaribio, haachi kazi, na tarehe 27 pia hataweza. "Mwambieni atajua la kufanya."

Nilijua atasema hivyo. Ningeweza kulipiga chapa neno hilo kwa ajili yake nakala mia.

Jumanne, 24 Juni

Ukuta na mimi tumezoeana. Mzee kauliza kupitia ukuta kama ni kweli sufuria inaiva bila moto. Nikaeleza, joto, nyasi, blanketi. Akasema wakati wa kulima sanduku kama hilo lingemfaa mkewe, Mungu amrehemu, aliyekuwa akirudi shamba magharibi na kuanza kupuliza moto huku watoto wanalia. Ndiye mtu wa kwanza kulielewa. Mtu wa kwanza! Na ndiye pekee nisiyeweza kumwonyesha.

Akabakiza ugali kidogo kwenye sahani leo. Akaambia ukuta: "Nimeshiba. Ndaga fijo, asante sana." Amethubutu kubakiza.

Kutoka Tukuyu habari zimefika kupitia dereva wa basi: mama Lugano anamlisha baba mkwe kutoka kwenye jeneza. Wapumbavu. Na waongee wote.

Alhamisi, 26 Juni

Nimepanga teksi ya kwenda kliniki kesho saa kumi na mbili na nusu. Nimepiga pasi koti lake. Aliliweka mlangoni usiku. Lugano na mdogo wake wanalala kwa jirani. Maharage ya kesho yamelowekwa. Kila kitu kiko mahali pake, ila mimi.

Ijumaa, 27 Juni

Naandika kwenye benchi la kliniki. Saa mbili kasoro.

Mzee alikaa mbele kwa dereva, mimi nyuma, kanga kichwani mpaka puani. Dereva aliuliza kama tumegombana.

Kutoka teksi mpaka mlango wa kliniki ni hatua sitini. Hakuweza. Alishika ukuta, akasimama, akashika tena. Watu wanapita, wanatazama. Nikatangulia, nikarudi, nikasimama. Mwisho nikamsogezea mwamvuli wangu kwa nyuma, upande wa kishikio. Akaushika. Mimi nimeshika ncha. Tulikwenda hivyo, kama kipofu na mwongozaji wake, na sijui kipofu alikuwa nani.

Natazama chini, kama inavyotakiwa. Ndiyo maana niliuona mguu. Kitambaa kilikuwa kimeteleza.

Tusekile alisema kidole. Anyitike alisema kidole. Karatasi ya daktari inasema kidole. Si kidole. Weusi umepita vidole vitatu na unapanda juu ya unyayo, na harufu yake niliisikia kwenye teksi nikadhani ni viti. Siku ishirini na nne nimepima chakula cha mguu nisiouona.

Wamechemsha mkojo. Rangi ya chungwa. Si tofali. Siku nane za sahani moja, na si tofali! Nilitaka kumwambia mtu. Muuguzi kaandika tu, akasema daktari anakuja saa mbili na nusu, kidonda kioshwe kwanza, ndipo aamue akate wapi au asikate.

"Wewe binti yake?"

"Mkwe."

"Basi mkwe, njoo ushike mguu nioshe. Shika hapa juu ya kifundo, usiachie akiruka."

Nikamwambia kwetu hairuhusiwi.

"Kwenu wapi? Mimi nina wagonjwa thelathini na mikono miwili. Mwanawe yuko wapi?"

"Makambako."

"Mkono wake unafika hapa?"

Amekwenda kuchukua maji ya moto. Mlango ameuacha wazi. Mzee yuko kwenye kitanda cha ndani, amesikia yote. Hapa hakuna ukuta wa kusema nao. Kuna pazia, na pazia limefungwa pembeni.

Amevuta suruali mwenyewe, polepole, mpaka gotini. Ameweka mguu juu ya kitambaa cha mpira. Kisha amegeuza uso upande wa pili, akafumba macho, na amesogea kidogo — kidogo tu — kupisha nafasi ya mtu kusimama.

Maji yanakuja. Naisikia ndoo. Naweka kalamu chini, nahitaji mikono yote miwili.