Saumu ya Mtaa wa Bay

Mpendwa Shangazi Odette,

Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana maji yamenifika shingoni. Mimi ni kijana wa Yorkton, Saskatchewan, nimekuja Toronto kufanya kazi ya bima katika ghorofa moja la Mtaa wa Bay, na chumba ninachopanga, ambacho dirisha lake linatazama ukuta, kinameza zaidi ya nusu ya mshahara, nauli nayo inachukua chake, halafu saa sita wenzangu wote wanashuka kule madukani chini ya ardhi kununua bakuli la majani na kuku kwa pesa ambayo kwetu inalisha nyumba nzima, wakawa wananiita, "Taras, twende bwana, au unatuogopa?" na mimi kwa haya nikasema nafunga mpaka jioni kwa ajili ya afya, nikidhani yataishia hapo.

Hayakuishia. Wakaanza kunisifu, "Huyu jamaa ni chuma," kumbe chuma kimejificha kwenye ngazi za dharura kinakula perogi, vile vibunda vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, na soseji ya kitunguu saumu anazonitumia bibi yangu, tena za baridi, kwa sababu nikizipasha kwenye maikrowevu ya ofisi harufu itanitangaza. Sasa bosi ameniomba Alhamisi niifundishe idara yote kufunga, na kibaya zaidi Shanthini, jirani yangu wa mezani, ambaye nampenda na hajui, amenifuata kufunga, na juzi kizunguzungu kilimshika mbele ya printa akaegemea ukuta. Nilipomwambia aache, akacheka: "Niache nini? Tangu nianze kufunga na wewe, nimelipa kodi bila kumkopa kaka yangu."

Nikisema ukweli nitachekwa na nitampoteza, nikinyamaza ataanguka. Je, Alhamisi nijifanye mgonjwa, au nirudi kwetu kabisa?

Taras, Toronto


Taras mwanangu,

Pole kwa kula perogi za baridi. Pole nyingine sina. Saumu pekee uliyowahi kuishika wewe ni ya kitunguu, na binti wa watu karibu azimie kwa kuiamini.

Tuanze na huyo, wala usingoje Alhamisi. Kesho saa sita mwite kwenye ngazi hizo hizo, mpe uma, mwambie, "Sijafunga hata siku moja, sina hela tu." Atakasirika, na ana haki, vumilia. Lakini hebu soma tena maneno yake uliyoniandikia mwenyewe. Huyo hatafuti afya, anatafuta kodi kama wewe. Meza zenu zimegusana na kila mmoja anamficha mwenzake njaa ile ile.

Kujifanya mgonjwa sahau, uongo hautibiwi kwa uongo. Kurudi kwenu nako hapana, kazi unayo na akili unayo, ila umeiweka likizo. Alhamisi simama mbele yao, tia chakula cha bibi kwenye maikrowevu, kisha fungua mlango harufu itembee idara nzima. Waambie ukweli, na kwamba kuanzia siku hiyo anayetaka alete cha nyumbani, mle pamoja kwenye chumba cha mikutano. Wa kucheka watacheka. Wewe angalia ni wangapi watakaokuja na vyombo vyao Ijumaa.

Mwombe bibi aongeze soseji. Na hayo mapenzi, kesho usiyataje kabisa. Mlishe kwanza.